Pesa ya Rangi, Pesa ya Fundi: Kuendesha Kazi ya Kupaka Rangi Pipeline

Pipeline, mwisho wa mwezi huujui kwa kalenda. Unaujua kwa mikokoteni. Vitanda, magodoro, mitungi ya gesi na televisheni zilizofungwa kwa blanketi hushuka ngazi za ghorofa saba za ploti moja, halafu vinapandishwa ngazi za ploti ya pili, mtaa uleule. Kati ya mpangaji anayetoka tarehe 30 na yule anayeingia tarehe 2 kuna mtu mmoja aliyepewa siku moja na nusu, ufunguo na ndoo ya rangi. Makala haya ni yake.

Kazi ipo, hilo halina ubishi. Kuanzia Outer Ring Road pale ilipokuwa Taj Mall, iliyobomolewa mwaka 2018, hadi upande wa Tassia na Kware, ni ghorofa zimebanana, na kila ghorofa ina vyumba vinavyopokea mtu mpya kila mara. Landilodi hataki chumba kikae tupu. Tuseme kodi ni shilingi 6,000 kwa mwezi: kila siku kisipokuwa na mtu, shilingi 200 zimepotea. Ndiyo maana fundi anapigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi akiambiwa aje sasa hivi, mambo ya pesa yataongelewa baadaye.

Hapo kwenye "baadaye" ndipo biashara nyingi za rangi huanguka. Wengi wanaojua kushika brashi vizuri hawafi njaa kwa kukosa kazi. Wanaumia kwa sababu pesa ya kununua rangi, pesa ya vibarua, pesa ya chakula nyumbani na faida vyote vinaingia kwenye laini moja ya simu, vinakaa usiku mmoja, na asubuhi hakuna anayejua ipi ni ipi.

Hesabu kabla ya kutaja bei

Mteja akiuliza "chumba ni ngapi?" usijibu kwenye simu. Nenda ukapime. Chumba cha kumi kwa kumi, kile cha futi, kina kama mita 3 kila upande. Kuta nne ni mita 12 ukizunguka. Kama dari iko mita 2.7 juu, una mita mraba 32 na kitu. Toa mlango na dirisha, unabaki na kama 29. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita mraba 10 kwenye ukuta laini kwa mkono mmoja. Ukuta mkavu unaonyonya utakula zaidi, na kopo lenyewe huwa limeandikwa, kwa hivyo lisome. Mikono miwili ya kuta ni karibu lita 6. Dari ya mita mraba 9, mikono miwili, ni karibu lita 2. Jumla lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Fundi anayesema "lete ndoo ya 20" kwa chumba kimoja ama hajapima, ama ana chumba kingine mahali.

Baada ya kipimo, gusa ukuta. Nyumba za Pipeline zimesongamana hivi kwamba vyumba vingi huwasha taa saa saba mchana. Jua haliingii, nguo zinakaukia kwenye korido, na ukuta unaopakana na bafu la pamoja huwa na unyevu mwaka mzima. Ukipaka rangi juu ya unyevu itatoka mapovu na kubanduka, na ukiipaka juu ya chokaa ya zamani inayoacha unga kiganjani itashika ule unga badala ya ukuta. Plasta mpya nayo inahitaji kama wiki 4 za kukauka. Landilodi mwenye haraka atakwambia "wewe piga tu." Ukipiga tu, baada ya miezi miwili atakupigia simu urudi bure, na nauli, msasa na siku zako zitatoka kwenye faida ya kazi ambayo ulishaila. Basi kama ukuta una maji, mwandikie kabla ya kuanza kwamba ukuta una maji. Ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Kuna na jambo la afya ambalo halizungumzwi vya kutosha. Viwango vya Kenya haviruhusu madini ya risasi kuzidi sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi, lakini rangi ya mafuta iliyopakwa miaka mingi iliyopita milangoni na kwenye korido inaweza kuwa nayo nyingi. Ukiisugua ikiwa kavu, vumbi linaingia kwenye vyumba ambamo watoto wanatambaa sakafuni. Tumia msasa wa maji, funika pua, na uwaombe majirani wafunge milango.

Elfu 43 zilizoingia

Tuchukue mfano. Tuseme landilodi ana vyumba 8 vilivyohamwa na anataka vyote vipakwe. Ni mfano tu, bei za duka lako unazijua wewe. Rangi ya maji, lita 64: ndoo 3 za lita 20 kwa 4,500 kila moja na kopo moja la lita 4 kwa 1,100, jumla 14,600. Rangi ya mafuta ya milango na fremu za madirisha, makopo 2 kwa 2,600, ni 5,200. Fila, msasa, tapentaini, brashi na rola, 3,200. Vifaa vyote ni 23,000. Ufundi ni 2,500 kwa chumba, yaani 20,000. Unamwambia landilodi 43,000.

Sasa angalia njia mbili za pesa hiyo kutembea.

Njia ya kwanza ndiyo ya kawaida. Landilodi anatuma 25,000 kwenye simu yako na kusema nyingine ni kazi ikiisha. Jioni hiyohiyo mkopo wa simu uliokuwa umechukua wiki iliyopita unajikata wenyewe, 3,000 zimeenda. Shule imepiga simu kuhusu karo, 4,000. Kesho yake uko hadwea na 18,000 mkononi na orodha ya 23,000. Unafanya nini? Unapunguza fila, unachukua rangi ya bei ya chini, unaiongeza maji. Ama unachukua mkopo mwingine wa simu unaotozwa ada kila siku, wa kununulia rangi ya mtu mwingine. Sisi tuko kwenye biashara ya pesa za simu na bado tunakwambia: mkopo wa dharura haukutengenezewa ndoo za rangi za landilodi.

Njia ya pili: ile 23,000 haikugusi. Unapeleka orodha hadwea, wanakupa karatasi ya bei na namba yao ya tili, unaituma kwa landilodi, naye analipa duka moja kwa moja. Wewe unachukua mzigo. Ya ufundi, 20,000, inakuja kwako kwa vipande: 6,000 siku ya kuanza, 8,000 vyumba vinne vikiisha, 6,000 siku ya kukabidhi funguo. Landilodi wengi hupenda njia hii wakielezwa vizuri, maana wasiwasi wao mkubwa ni fundi kupotea na pesa ya rangi. Ukikataa mwenyewe kuishika, umeuondoa wasiwasi huo kabla hajautaja.

Jambo dogo la kuangalia hapo. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa tili huenda likawa la mwenye duka na si la duka. Uliza dukani jina litakalotokea, mwandikie landilodi jina hilo, na umwambie asiposoma hilo asithibitishe malipo. Mtu akituma ujumbe kwamba "tili ya duka ina shida, tuma kwa namba hii," piga simu dukani kwanza.

Utauliza, na zile tokeni zinazowekwa ndani ya makopo ya rangi? Ziko palepale, kopo unalifungua wewe. Kwa desturi fundi huzichukua. Ila usichague rangi kwa ajili ya tokeni halafu ukamwambia mteja kwamba ndiyo rangi bora kwa ukuta wake. Mafundi wanajuana, na landilodi siku hizi wanajua.

Ujumbe mmoja kabla ya brashi ya kwanza

Hatukuambii uandike mkataba wa kurasa kumi. Tuma ujumbe kama huu, usubiri ajibu:

"Habari ya asubuhi mzee. Tumekubaliana vyumba 8, ghorofa ya 4, mikono miwili kuta na dari, milango rangi ya mafuta. Vifaa 23,000 unalipa hadwea kwa tili. Ufundi 20,000: 6,000 leo, 8,000 vyumba vinne vikiisha, 6,000 nikikupa funguo. Chumba namba 4 ukuta wa bafu una maji, rangi hapo inaweza kubanduka mpaka bomba litengenezwe. Siku 6. Ukiwa sawa nijibu SAWA."

Neno hilo moja, SAWA, pamoja na ujumbe wa malipo ya kwanza, lina nguvu kuliko mashahidi watatu wa mdomo. Na ukimwambia mama mwenye ploti, heshima ni ileile: "Habari ya asubuhi mama," halafu namba zako.

Msimamizi wa ploti na risiti

Hapa tuongee wazi. Ploti nyingi, aliyekuita si mwenye nyumba. Ni msimamizi, na msimamizi naye ana mkono. Kumpa mtu kitu kidogo kwa kukuletea kazi ni jambo la kawaida katika biashara nyingi. Liweke kwenye hesabu yako kama gharama na ulilipe kutoka kwa pesa yako ya ufundi. Taabu huja anaposema, "Andika risiti 30,000."

Kumbuka pesa hiyo inatoka wapi. Ploti nyingi za Nairobi hutoza deposti ya mwezi mmoja, na mpangaji akihama hukatwa pesa ya kupaka rangi upya. Kwa hivyo anayelipia brashi yako mara nyingi ni yule dada aliyehama jana na mkokoteni, anayesubiri baki ya deposti yake ili akalipe chumba kule Fedha. Risiti ikiongezwa 7,000 kwa vyumba 8, kila aliyehama amepunguziwa karibu 900 na mtu ambaye hakumwona. Akiuliza, na siku hizi wanauliza, landilodi atatoa risiti yako, yenye jina lako na namba yako.

Malipo yanayopita kwenye tili ya duka huacha kiasi halisi, tarehe na saa. Hakuna aliyebaki na nafasi ya kuandika 30,000 juu ya 23,000. Mafundi wengine huiona hii kama kufungiwa mlango. Sisi tunaona ni jibu rahisi la kumpa msimamizi bila kugombana: "Bosi, amelipa mwenyewe, kiasi anakijua."

Kibarua wako anaweza kuwa anapata kama wewe

Rudi kwenye ile 20,000 ya ufundi. Una vibarua wawili, kila mmoja 800 kwa siku. Kazi ikiisha kwa siku 6, umewalipa 9,600, umebaki na 10,400. Hiyo ni kama 1,730 kwa siku kwako, kabla ya nauli na simu. Si mbaya.

Lakini maji ya ploti yakipotea siku moja hamwezi hata kuosha rola, mnasubiri mwenye mitungi. Siku nyingine mpangaji wa chumba namba 7 hajatoa vitu. Kazi imefika siku 8. Vibarua wamekula 12,800, wewe umebaki na 7,200. Gawanya kwa 8: shilingi 900. Wewe uliyetafuta kazi, uliyepima, unayepigiwa simu usiku na utakayerudi kurekebisha, umemzidi kibarua wako kwa shilingi 100.

Hesabu hii huwezi kuifanya kichwani. Unaifanya ukiwa umewalipa vibarua kwa simu, kila mmoja kwa namba yake, kutoka kwa laini au tili ya biashara peke yake. Mwisho wa kazi unatoa statimenti na kila shilingi iko hapo. Vibarua wengi wanataka pesa kila jioni kwa sababu wanakula kila jioni, na hiyo ni haki yao. Kama wanakubali kulipwa mara mbili kwa wiki, ada za kutuma zinapungua, ila usiwalazimishe. Cha maana ni kuacha kutoa pesa taslimu na kugawa pale ngazini. Ya ngazini haina kumbukumbu, na siku ya ugomvi kila mtu ana hesabu yake.

Na siku zinazopotea kwa sababu ya mteja, ziseme siku hiyohiyo. "Mzee, chumba namba 7 bado kina vitu, leo tumekaa bure watu watatu." Ukiyataja siku ya mwisho itaonekana ni visingizio.

Ya KRA

Wengi wanaogopa kuchukua tili kwa sababu ya kodi. Tuseme tunachojua. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ni asilimia 3 ya mauzo yote, kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Zingatia neno mauzo. Haitozwi kwenye faida.

Rudi tena kwa mfano wetu. Tuseme unapata kazi tatu kama ile kila mwezi. Kama 43,000 zote zinapita kwako kwa kila kazi, mwezi ni 129,000, mwaka ni 1,548,000. Umevuka milioni, ilhali zaidi ya nusu ilikuwa pesa ya hadwea iliyopumzika kwako usiku mmoja. Landilodi akilipa duka moja kwa moja, mauzo yako ni 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Ni kazi ileile, rangi ileile, na rekodi inasema ukweli wa biashara yako: wewe unauza ufundi. Swali lako hasa kuhusu fomu, wapelekee KRA wenyewe, ukiwa na statimenti mkononi.

Kazi za nje na kazi kubwa

Kupaka ukuta wa nje wa ghorofa saba kuna pesa zaidi, na pia kuna kaburi. Sheria ya fidia kwa majeraha kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri kumfidia mfanyakazi aliyeumia kazini. Kwa yule kijana uliyemfunga kamba na kumtuma dirisha la ghorofa ya tano, mwajiri anaweza kuwa wewe. Kama bei haitoshi kulipia stendi za maana, mikanda na bima, kazi hiyo bado haijafika mikononi mwako. Iache.

Ukitaka kutoka vyumba vya kumi kwa kumi uende Fedha, Nyayo au maofisi ya Mombasa Road, utaulizwa karatasi. Mtihani wa ufundi wa NITA una gredi ya 3 hadi ya 1 na hupima unachojua kufanya kwa mikono. Mamlaka ya ujenzi, NCA, nayo husajili mafundi. Kuwa tayari pia kwa tabia ya wateja hao: hulipa vizuri lakini hulipa baada ya mwezi, mwezi na nusu. Usichukue kazi ya ofisi kama huna akiba ya kulipa vibarua mpaka cheki ifike. Mara nyingine kazi huja kwa amri, kama Mombasa mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, na ghafla kila mwenye jengo anatafuta fundi. Msimu kama huo haudumu, kwa hivyo usinunue vifaa vya mkopo kwa ajili yake.

Asipolipa baki

Kwanza hakikisha amelipa kweli. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa. Salio lako haliwezi. Angalia salio kabla ya kutoa funguo za mwisho, hata kama mteja ni mtu wa kanisa lako.

Kama hajalipa, mkumbushe kwa ujumbe, si kwa kelele kwenye korido. Andika tarehe, kiasi na neno lake SAWA. Usirudi kukwangua rangi ukutani. Tunasikia mafundi wakitishia hivyo, na hilo litakugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Ikishindikana kuna mahakama ya madai madogo, iliyoanza Milimani Aprili 2021 chini ya sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Beba ule ujumbe wa makubaliano, statimenti yako na picha za vyumba kabla na baada.

Picha hizo zina kazi nyingine. Kabla hujatupa makopo, piga picha ya kifuniko: jina la rangi, namba yake na namba ya bechi. Andika kwenye daftari au simu, ploti ipi, ghorofa ipi, tarehe. Nyeupe ya maziwa ya kampuni moja si ile ya nyingine, na chini ya balbu ya korido zote zinafanana mpaka siku utakapopaka upande mmoja wa mlango. Miezi minane baadaye mpangaji wa chumba namba 3 atahama, landilodi atapiga simu saa kumi na mbili asubuhi, na wewe utamtumia jina la rangi, lita 8, na namba ya tili ya hadwea kabla hajamaliza kuuliza bei.